Miji ya Ufaransa Ndani ya Eda

Nilikaa eda katika fleti yetu ya Deira, na kazi yangu humo ndani ikawa kuchagua mji wa Ufaransa. Msinicheke. Mume wangu alikuwa Mngazija mwenye pasipoti ya Kifaransa. Viza zetu za Dubai zilitoka kazini kwake, na alipokufa nazo zikafikia mwisho. Binti yetu wa pekee, aliyerithi pasipoti ile, alisema eda ikiisha tuhamie huko. Tulikuwa hatujui wapi.

Miji yenyewe niliijua zamani. Marehemu alikuwa na mazoea ya kuishindanisha kila tukimaliza kula. Lyon ina kazi na hospitali nzuri, lakini ukitajiwa kodi utashika kichwa. Nantes ina tramu na bustani, ila mvua yake haina adabu. Saint-Étienne unapata sebule na vyumba kwa pesa ambayo Lyon ingekupa chumba cha kujikunyata, ila baridi, na jioni mji umepoa. Yeye alikuwa mtu wa Marseille, kwa sababu ya jua na ndugu zake. Nikimwambia kizuri hakikosi ila, haya tutajie ila ya Marseille, ananuna mpaka chai inapoa.

Sasa binti ndiye aliyeshika simu, mawakala wa nyumba wakimtembeza kwa video chumba kwa chumba, mimi nimekaa pembeni nisionekane. Na kila nyumba nilimsikia baba yake. Haikuwa ndoto. Ilikuwa sauti yake hasa, karibu na bega langu: "Mke wangu, jiko gani hili lisilo na dirisha?" Nami namwambia binti jiko halina dirisha. Niliogopa, sisemi uongo. Lakini niliogopa zaidi siku ambayo angenyamaza.

Ikaja ya Saint-Étienne. Ghorofa ya nne, jua la asubuhi, jiko ambalo hata marehemu hakulitia ila. Kodi tuliimudu. Binti alishaanza kutabasamu na wakala.

"Hapana," nikasema. "Haina lifti."

Akaziba simu kwa kiganja. "Mama, ile ya Nantes uliikataa kwa ngazi. Ya Lyon pia. Wewe ngazi zimekushinda lini?"

"Si mimi, mwanangu. Magoti ya baba yako..."

Binti akaiweka simu kifudifudi, akanikumbatia, tukalia kwa sauti, wala hatukujali nani anasikia. Wakala wa watu bado alikuwa akiita, "Alo? Alo?"

Nilimshika binti uso. Alikuwa amekonda, na mimi sikuwa nimeona.

"Mwambie tunaichukua," nikasema.

Siku ya maziko wanaume ndio waliombeba mume wangu wakamtoa nyumbani. Safari hii nilimtoa mimi.