Ametangulia, Nyaraka Zitafuata

Nianze kwa kukiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa Vumilia, maana Vumilia akisimulia anaongeza chumvi na kuigiza juu: ni kweli, ni mimi niliyemlilia mtu aliye hai, mzima wa afya, nikagaragara kwenye mkeka kwao Iyula mbele ya mama yake, shangazi zake na nusu ya kwaya ya kanisa, na wakati huo mwenyewe alikuwa Mpika, Zambia, anakula nshima, ugali wa kule, na samaki. Chekeni mmalize kabisa, nitawasubiri.

Kazi yangu mnaijua. Niko kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tunduma, zile za kushughulikia nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo, na kero yetu kubwa ilikuwa simu. Mwenye mzigo yuko Dar, anapiga, gari langu limefika wapi, ukimjibu anakata, baada ya robo saa anapiga tena kana kwamba lori ni pikipiki. Bosi wetu, mzee Simbeye, akasikia kuna programu ambazo hata mtu asiyejua lugha za kompyuta anaweza kujitengenezea mfumo, akageuza shingo akanitazama mimi (kosa langu ni kwamba niliwahi kumrekebishia printa), akasema, "Esta, hiyo kazi ni yako."

Nikajifunza kwa video wiki tatu, na kusema kweli niliipenda. Kwenye kioo unapewa viboksi, unaburuta kimoja, unakiunganisha na kingine kwa mshale: hali ya gari ikibadilika, tafuta namba ya mhusika; namba ikipatikana, tuma ujumbe; ujumbe ukienda, weka alama ya kijani. Yaani kitu kikitokea, kingine lazima kifuate, hakuna kusitasita wala kuona aibu. Nilikuwa naangalia ile mishale nasema moyoni, laiti na mimi ningekuwa hivyo mbele ya Festo.

Festo ni dereva, mtoto wa kijijini Iyula, anapita ofisini kwetu mara moja kwa mwezi, akijitahidi sana mara mbili. Si mtu wa maneno. Anaegemea kaunta, anaongea taratibu na ile lafudhi yake ya Kinyiha, anasaini, anauliza, "Umeshindaje, Esta?" na akitoka upande wa pili ananiletea chikanda, kile chakula cha mizizi na karanga ambacho wenzetu wa Nakonde, mji wa upande wa Zambia, wanakikata vipande kama keki. Kwa miaka miwili hayo ndiyo yalikuwa yote. Lakini mimi nilikuwa najua anavyoandika namba saba na kuikata katikati, najua shati lipi limepungua kifungo, na akishaondoka nilikuwa naichukua kalamu aliyosainia naitumia mimi siku nzima. Tatizo ni kwamba akivuka tu Nakonde anatoa laini ya Tanzania anaweka ya Zambia, kama madereva wote, na kwangu anakuwa amezimika mpaka siku atakayotokea tena mlangoni. Namba yake ya huko sikuwahi kuiomba. Ningeiomba kwa sababu gani, mimi ni nani yake? Nilimkumbuka mtu huyo mpaka nikachoka, halafu nikaendelea kumkumbuka nikiwa nimechoka hivyohivyo.

Sasa sikilizeni hapa. Yadi kwetu tuna maneno yetu. Gari likiwa kwenye foleni tunasema "anasubiri". Likivuka huku baadhi ya karatasi zake bado tunazimalizia ofisini, tunasema "ametangulia" (ndiyo, gari tunaliita kama mtu, kwetu gari na dereva wake ni kitu kimoja). Vumilia, ambaye kazi yake ni kubadilisha hali za magari kwenye kompyuta, analitamka neno hilo mara thelathini kwa siku, na mimi nimelisikia miaka mitano, mpaka masikio yangu yakasahau kwamba nje ya geti letu lina maana nyingine.

Basi nikatunga ujumbe kwa adabu zote: "Habari. Tunapenda kukujulisha kuwa FESTO ametangulia. Mzigo uko salama. Nyaraka zitafuata. Asante kwa kuendelea kutuamini." Jina mfumo unalijaza wenyewe. Nikausoma mara mbili, nikajipongeza.

Kwenye orodha ya namba kulikuwa na nafasi mbili, na zote mbili nilizipa jina "Simu ya mhusika" (uvivu wangu, nilisema nitabadilisha baadaye): moja ya mwenye mzigo, nyingine ya ndugu wa dereva wa kupigiwa likitokea jambo. Mshale wangu nikauunganisha na mojawapo. Na zile video zote zilikuwa zinasisitiza, jaribu kwanza kwa namba yako mwenyewe, lakini mimi nikaamua nijaribu kwa safari ya kweli, na kati ya safari zote za siku hiyo nikachagua ya Festo, si kwa sababu ya kitaalamu, ila nilitaka tu kuliona jina lake likipita kwenye mishale niliyoichora mimi. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ijumaa alasiri Vumilia akabonyeza "ametangulia", alama ya kijani ikawaka, nikafunga kompyuta nikaenda nyumbani nimefurahi, nikijua sasa hivi yupo upande wa pili anatafuta mahali pa kuegesha.

Jumamosi asubuhi nafika ofisini namkuta Vumilia amesimama mlangoni, mikono kichwani.

"Esta, kaa chini kwanza."

"Nikae chini kuna nini?"

"Festo. Wamepiga kutoka Iyula, mama mdogo wake. Amefariki huko Zambia."

Sikukaa. Nilisimama palepale nikauliza vitu vya kijinga, kama vile saini yake ya jana iko wapi. Mzee Simbeye akapiga namba ya Festo, mteja hapatikani. Akapiga tena na tena, hapatikani (na sisi sote tunajua habari za laini za madereva, lakini siku hiyo akili zilitutoka). Akasema, "Nyie wawili nendeni na gari la ofisi, mkatuwakilishe msibani. Mimi navuka Nakonde nikawaulize madereva wenzake kilichotokea." Vumilia akaendesha. Tulipita Vwawa, tukaacha lami, mashamba ya kahawa pande zote, na mimi njia nzima nilikuwa nawaza kitu kimoja: sikumwambia. Miaka miwili mtu anasimama hatua moja mbele yangu, na mimi namwambia saini hapa, weka na tarehe.

Tulipofika, wanaume wamekaa nje kwenye mabenchi, maturubai yameshafungwa, jikoni moshi unafuka. Nilikuwa nimepanga kulia kiofisi, machozi mawili matatu na kitambaa. Lakini nilipoingia ndani nikamwona mama yake, na macho ni yale yale ya Festo, jamani, nilisikia sauti inatoka, kumbe ni yangu. Nilianguka. Nilimwita kwa jina, nikamuuliza ameniacha na nani (swali ambalo hakuna mtu pale aliyekuwa na habari nalo, hata yeye mwenyewe), nikalia mpaka wakaniletea maji wakanimwagia kichwani.

Shangazi yake, mama mmoja mnene mwenye sauti, akainama akaniangalia usoni.

"Mwanangu, kumbe wewe ndiye?"

Ndiye nani, hakusema. Na mimi sikuuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Tafadhalini msinihukumu haraka. Palepale wanawake wakasogea, wakanipisha, wakanifunga kanga, wakanikalisha ubavuni kwa mama Festo, akanishika mkono akawa hauachii. Ananiambia Festo utotoni alivyokuwa haogopi ng'ombe, alivyokuwa anapenda mahindi ya kuchoma mpaka anaumwa tumbo. Nilikaa pale kama saa mbili hivi, na katika uchungu wote ule kulikuwa na kipande kidogo cha moyo wangu, kibaya kabisa, ambacho kilikuwa kimetulia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mtu wa Festo, na watu wote walikuwa wanajua.

Halafu nje nikasikia sauti ya mzee Simbeye.

"Samahanini wazazi wangu. Nani aliyeleta taarifa ya msiba huu?"

"Si ninyi wenyewe?" akajibu mwanamume mmoja. "Ofisi yenu ndiyo iliyotuandikia."

"Ofisi yangu?"

Tukatoka wote nje. Mzee wa kanisa akaomba simu ya mama Festo, akavaa miwani, akasoma polepole kwa ile sauti ya kusomea Waraka: "Habari. Tunapenda kukujulisha kuwa Festo ametangulia." Akarekebisha miwani. "Mzigo uko salama."

"Yaani mwili wanauita mzigo!" shangazi akadakia, na wanawake wakaguna kwa uchungu.

"Nyaraka zitafuata," mzee wa kanisa akaendelea. "Hizo tukajua ni za hospitali. Asante kwa kuendelea kutuamini."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma kutafuta nguzo. Kila neno lilikuwa langu, mpaka ile nukta niliyoiweka baada ya kufikiri. Mzee Simbeye akanitazama, akatazama kanga niliyofungwa, akanitazama tena.

"Esta," akasema taratibu, "hii si ile kazi yako?"

Vumilia akasema, "Mayo, mama yangu!" akaziba mdomo.

Mzee Simbeye akaeleza, maskini, jasho linamtoka, kwamba ametangulia ya kwetu ni ya mpakani, na kwamba dereva mmoja Nakonde amempa namba ya Festo ya Zambia na wameongea, Festo yuko Mpika anakula. Nusu ya watu wakashangilia, nusu wakakataa, wakasema ofisi hii imeshatudanganya jana, tutaiaminije leo? Basi mzee Simbeye akapiga, akaweka spika, akaishika simu juu ili wote wasikie. Ikaita.

"Mulishani mukwai," ikasema sauti ya Festo kwa salamu ya kule Zambia, hakutazama namba, anadhani ni mteja.

Mama yake alipiga yowe ambalo sitalisahau. Akaing'ang'ania ile simu, analia, anacheka, anamtukana, na katika furaha yake akasema, "Uko hai, mwanangu! Na mchumba wako tuko naye hapa, amelia mpaka tumemwagia maji!"

Unasikia lori likipita kule Mpika.

"Mchumba gani, mama?"

Iyula nzima ilinigeukia. Kwaya, wazee, wapishi wenye miko mkononi. Natamani niwaambie kwamba nilizimia, lakini afya yangu ilikuwa nzuri sana siku hiyo.

"Si huyu Esta wa ofisini!" mama akasema, sauti imepungua.

"Esta?" akasema Festo. Akaanza kusema kitu, nilisikia kabisa amevuta pumzi ili aseme, na mtandao ukakata. Wakapiga mara nne, haikupatikana tena. Alichotaka kusema hakuna anayekijua, na mimi nimeshakimalizia kwa niaba yake kwa namna zisizopungua mia.

Mzee wa kanisa akageuza sala ikawa ya shukrani, na kwa kuwa chakula kilikuwa kimeshaiva, tukala. Mimi nilikula nimeinamisha kichwa, watoto wananichungulia. Niliivua ile kanga nikaikunja vizuri, nikamrudishia mama Festo, nikamwambia, "Nisamehe mama, mimi si mtu wake." Akaipokea, akasema, "Haya. Ila nimekuona ulivyolia."

Hapa Tunduma sikupumua. Madereva wakija kaunta wanasema, "Dada Esta, andika vizuri, mimi bado sijatangulia." Neno nililifuta Jumatatu ile ile, likawekwa "amevuka salama", na nafasi za simu nikazipa majina yanayoeleweka, ila mama Festo nilimchorea mshale wake, apate ujumbe kila mwanawe akivuka. Festo alirudi baada ya wiki tatu. Niliona lori lake linaingia, nikafikiria kujificha stoo, lakini nikabaki palepale kaunta.

"Umeshindaje, Esta?"

"Salama."

Akasaini. Akaikata saba yake katikati. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu, na yangu sijui. "Mama anauliza utakwenda lini kumsalimia," akasema huku anaangalia karatasi. "Nilimwambia si kweli. Akasema hata kama si kweli."

"Na wewe unasemaje?" Hilo lilinitoka tu, naapa, sikulipanga.

Akafungua mdomo, na mlangoni mwenzake akapiga kelele kwamba foleni imesogea, wanamzibia njia. Akaniangalia. Hajawahi kuniangalia muda mrefu namna ile. Halafu akatoka, akavuka.

Sasa yuko Kongo, wiki ya pili hii, foleni ya mpaka wa Kasumbalesa imemshika. Nimeapa, na ninyi ni mashahidi, sitatuma tena ujumbe wowote kwa mtu kabla ya kumsomea kwa sauti mtu asiyefanya kazi mpakani. Lakini mama Festo hasomi, na siku hizi kila ujumbe wa mfumo ukimfikia hampelekei tena mzee wa kanisa. Ananipigia mimi. Anasema, "Mwanangu, umeingia ujumbe, niambie umeandikwaje," nami namwambia, "Festo amevuka salama, mama," naye anajibu haya, na hatukati simu. Tunabaki hivyohivyo kwenye laini, yeye Iyula, mimi Tunduma, kila mmoja anamsikia mwenzake anavyohema.