Niliwapeleka Mapacha Magu Nikamdanganya Mama Yao

Mkosaji ni mimi. Naanza hivyo kabisa ili usije ukanionea huruma katikati ya habari, maana najijua, nina mdomo wa kujitetea.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Kazi yangu iko Igogo, hapa Mwanza, nyumbani ni Pasiansi, ila kwetu hasa ni Magu, Msukuma wa baba na mama. Mke wangu ni Mhaya, mwalimu wa shule ya msingi, Mlutheri tangu utotoni. Nilibatizwa ukubwani ili nimwoe, na sina haja ya kuficha. Baadaye nikaingia kwaya, nikawa naimba besi, nikajiona nimeokoka. Kumbe nilikuwa nimevaa sare tu!

Mungu akatupa mapacha, Kulwa na Doto, wasichana wote wawili. Kwetu mapacha wana mila yao. Wazazi na watoto wanasimamishwa mbele ya ukoo, wananyunyiziwa maji yenye unga na dawa, huku watu wakiimba matusi ya nguoni. Isipofanyika, wanasema, watu wataugua na ng'ombe watakufa.

Mke wangu akakataa. Hakugomba na mtu. Alipiga magoti mbele ya mama yangu akasema, "Shikamoo mama. Watoto wameshabatizwa. Maji yale yanawatosha."

Lo! Ungedhani kamtukana. Mama hakuitikia hata shikamoo yenyewe.

Kuanzia hapo ndugu zangu wakawa maadui zake waziwazi. Dada yangu mkubwa akamtoa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Ng'ombe wa kaka akafa, kosa la mke wangu. Doto akatoka upele, kosa la mke wangu. Zahanati walimpa dawa ya kupaka, upele ukaisha ndani ya wiki moja, lakini nani alitaka kusikia habari za zahanati!

Kwenye msiba wa baba mdogo ndiyo wakanionyesha roho zao. Mke wangu alipokaa mkekani na watoto, wanawake wa kwetu waliinuka mmoja mmoja wakahamia mkeka mwingine. Chakula kikapita, hakupewa sahani. Akabaki peke yake, mtoto paja hili, mtoto paja lile.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kwa wanaume, hatua kumi tu, napiga soga. Niliona kila kitu! Nikageuza kiti.

Siku hiyohiyo kaka yangu akaniuliza mbele ya watu, "Mdogo wangu, hivi wewe ulioa au uliolewa?" Wakacheka wote. Jamani, kicheko kile kiliniingia mpaka kwenye mifupa. Mke wangu alitengwa na ukoo mzima hakutikisika, mimi nikaangushwa na kicheko cha walevi watatu!

Nikapanga uongo. Nikamwambia mke wangu mama anaumwa, anataka kuwaona wajukuu. Nilichagua Jumamosi ambayo yeye alikuwa na semina ya walimu. Akaniamini. Akawafungia watoto uji na nguo za kubadilisha. Halafu akanishika mkono sebuleni, akaomba Mungu amponye mama mkwe wake, yule yule asiyeitikia salamu yake. Alipomaliza nikasema amina, tena kwa sauti yangu ya besi!

Magu walikuwa tayari wananisubiri. Mzee wa shughuli akauliza, "Mama wa mapacha yuko wapi?" Mila inataka wazazi wote wawili. Dada yangu akajitokeza, akawabeba wanangu, akasimama pembeni yangu kama ndiye aliyewazaa. Ukoo ukashangilia! Watoto walilia, unga uliwaingia machoni. Mimi nilisimama nikinyunyiziwa maji, natabasamu kijinga.

Mpwa wangu alikuwa anarekodi. Kabla sijarudi Mwanza, video ilikuwa imeshazunguka. Mwalimu mmoja ndiye aliyemwonyesha mke wangu, palepale kwenye semina, mbele ya walimu wenzake.

Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni. Akawachukua watoto, akawaogesha, akawanyonyesha. Nikaanza kubwabwaja kuhusu mila, kuhusu heshima ya wazazi. Akaniangalia.

"Baba Kulwa, mila zenu nimezikataa miezi kumi na minne bila kumchukia mtu," akasema. "Lakini wewe uliniacha nimwombe Mungu juu ya uongo wako. Ukaitikia amina."



Nilikwenda mwenyewe kwa mchungaji, nikakiri. Nimesimamishwa kwaya na meza ya Bwana. Hiyo naistahili, tena naona ni ndogo. Mke wangu hakuondoka. Anapika, tunakula, Jumapili anakwenda ibadani na wanawe. Lakini haniachii nimbebe mtoto nitoke naye hata dukani. Akiniona nimeshika viatu vya mmoja wao, anasimama mlangoni.

Na unadhani ndugu zangu waliridhika? Thubutu! Wiki iliyopita mama alipiga simu. Anasema mila haikukamilika kwa kuwa mama mzazi hakuwepo. Ng'ombe mwingine kafa. Turudi, turudie, safari hii mke wangu akokotwe ikibidi.

Nilikuwa sebuleni, simu iko kwenye spika. Mke wangu aliposikia sauti ya mama, akawanyakua watoto wote wawili, akaingia nao chumbani na kufunga kwa ufunguo.

Nikamwambia mama, "Hapana. Sirudii, na mke wangu msimguse." Mama akanikatia simu.

Wewe unayesoma, kama unasukumwa na ukoo, na mwenzio amesimama imara peke yake, usimwache! Nenda ukakae naye mkekani, hata kama wote wamehama. Usisubiri kama nilivyosubiri mimi.

Maana nilipogonga mlango kumwambia kwamba hatimaye nimekataa, alinijibu kutoka ndani, kwa upole kabisa, "Sawa, baba Kulwa." Na mlango hakufungua.