Kamera Iliyoona Mpunga

Dereva aliyenipa lifti kutoka Iringa njia nzima aliisifia kamera ya gari lake, ile inayorekodi barabara mbele. Tuliposimama Igawa, mama mmoja akatufuata na ufagio mkononi.

"Umekanyaga mpunga wangu!"

Alikuwa ameuanika kwenye turubai, pembeni mwa lami.

"Mama, mimi nina ushahidi," dereva akasema, akamwekea video. "Ona picha ilivyo safi. Hata punje zinahesabika!"

Mama akainamia skrini. "Rudisha nyuma kidogo. Simamisha hapo. Kweli, ni safi. Turubai langu lile, linaingia chini ya boneti yako."

Dereva akashuka, akapokea ufagio.

Wauzaji watawaelezeni habari za megapikseli. Mimi nasema, nunueni ile inayomkamata mwenye gari.