Maziwa ya Aliyeangushwa

Nakumbuka siku ile ya vumbi jekundu, mjukuu wangu, siku niliyonyolewa kichwa mbele za watu. Wajukuu wakiucheka upara wangu wa leo huwaambia kwamba huu wameuleta wakati. Wa kwanza niliuleta mwenyewe kwa mdomo wangu.

Nakuandikia kwa sababu nimeambiwa ulichofanya. Timu yenu ya Chang'ombe imefungwa, nawe, mtu mwenye ndevu, ukatupa jiwe juu ya bati la nyumba ya golikipa wenu, mama yake akiwa ndani anapepeta uwele. Mimi sikusoma. Niliokota herufi barabarani kama mtu anayeokota kuni, na ng'ombe ninao, na nyumba nilijenga kwa mikono hii. Kwa hiyo sitakuzungusha. Kaa usome.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, yaani Mjerumani, reli ikija kutoka pwani. Ilipofika kwetu Gulwe, kambi ya wafanyakazi ilipigwa kando ya mto, mto wetu ule ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Wengi kambini walikuwa Wanyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wagogo tangu safari za babu zetu. Mtani anakutukana usikasirike. Anaingia kwako anachukua chakula bila kuomba. Ukifa, ndiye anayeshika jembe la kaburi.

Jumapili kazi ya reli ilisimama, na alasiri tulishuka mchangani kwenye mieleka. Wao walikuwa na Maganga, mtu mfupi, mpana kama kinu. Sisi tulikuwa na Ndahani. Ndahani tulitahiriwa naye jando moja, tukalala kwenye majivu mamoja, kwa hiyo alikuwa zaidi ya rafiki.

Usidhani siijui raha yako, mwanangu. Naijua. Sikuwa na ng'ombe hata mmoja, baba alikuwa amekufa, nilichunga mifugo ya watu. Lakini Ndahani alipomnyanyua mtu, mimi niliyesimama pembeni na fimbo yangu nilihisi mgongo wangu ndio ulionyanyua. Wiki nzima nilitembea kama mwenye boma. Mcheza kwao hutunzwa, nasi tulimtunza: tulimbeba mabegani, tukamwimbia, na mama yake alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Desturi ya pale kijijini ilikuwa hivyo. Mama wa mchezaji huleta kibuyu, mwanawe hunywa kwanza, halafu tuliompigia kelele tunapokezana mpaka kibuyu kinalia kitupu. Tukishakunywa, tunamsindikiza mpaka mlangoni kwake.

Sasa sikia ujinga. Wakati ule vijana wa Kigogo tulifuga nywele, tukazisokota na kuzipaka udongo mwekundu na mafuta. Nywele ndizo zilikuwa utajiri wangu wote. Siku hiyo, kabla ya mieleka, nikamfuata Maganga mbele ya kambi nzima.

"Nyie mmezaliwa na mizigo kichwani," nikamwambia. "Shingo zimezama. Leo Ndahani atakupanda kama viazi."

"Na asiponipanda?"

"Asipokupanda, ninyoe nywele hizi."

Maganga akazishika, akazipima kama mtu anayenunua kamba. "Nzuri. Nitafungia mzigo wangu."

Watu wakacheka. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulinivunja mimi.

Walishikana kwa muda mrefu. Ndahani hakucheza vibaya, hilo uliweke moyoni. Alimzungusha, akamtia ngwara, na Maganga akabaki wima. Halafu kisigino cha Ndahani kikazama kwenye mchanga laini, Maganga akaingia chini yake, na nikaona mgongo wa Ndahani ukigusa ardhi. Upande wa kambi ulilipuka. "Mlenda!" wakaimba, wakitutania kwa mboga yetu ya utelezi. "Wala mlenda wameteleza!"

Upande wetu tukabaki pale pale. Ndahani akainuka, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akatutazama. Alikuwa anangoja tumfuate. Na mimi, ndugu yake wa jando, nikasema kwa sauti wote wasikie, "Umetuuza."

Akageuka akashuka na mto peke yake, na wenzangu mmoja mmoja wakaanza kuokota fimbo zao. Ndipo mama yake akaja na kibuyu.

Alikuwa mwanamke mwembamba, si mwenye maneno. Akasimama katikati ya duara tupu, kibuyu mikononi kimejaa mpaka shingoni. Tukapita pembeni yake tukiangalia chini. Hakuna aliyetaka kuonekana akinywa maziwa ya aliyeangushwa.

"Chiwanga," akaniita. "Huna kiu leo?"

"Sina, mama."

"Maziwa haya yameganda tangu juzi. Hayakujua nani ataanguka." Akanitazama mpaka nikashindwa pa kuweka macho. "Jumapili zote mwanangu alikuwa wenu, hata nikawaonea kijicho. Leo mmenirudishia, awe wangu peke yangu. Haya. Lakini akishinda tena, msije kuniomba."

Mwanangu, nimechapwa na baba, nimechapwa kiboko na askari wa Mdachi. Hakuna fimbo iliyoniingia kama ile.

Basi nikiwa nimesimama, Maganga akaja, jasho linamtiririka. Hakuomba. Mtani haombi. Akachukua kibuyu mikononi mwa mama, akanywa funda kubwa, akafuta mdomo.

"Mama, mwanao mzito kama ng'ombe wa mahari. Kiuno changu hakitalala leo." Akatugeukia. "Na nyie? Mlipiga kelele kuliko mbweha. Koo hazijakauka? Au maziwa ya Kigogo yananyweka siku ya ngoma tu?"

Akanisogezea kibuyu. "Mpelekee mwenyewe. Lakini kwanza, leta kichwa."

Nikapiga magoti. Kisu chake cha kambi kilikuwa butu, akaninyoa kama anayechuna mbuzi, na mama Ndahani akanishika bega nisitikisike. Nilipoinuka, upepo ulinipiga utosini nikajiona mdogo kuliko nilivyowahi kuwa. Wenzangu wakatazama. Nikabeba kibuyu nikashuka na mto.

Ndahani alikuwa ameketi kwenye ukingo. Akatazama kichwa changu.

"Nani kanywa kwanza?" akauliza.

"Maganga."

Akacheka kidogo, na machozi yakapita kwenye vumbi. Akanywa. Akanipa, nikanywa. Lile neno nililomtupia sikujua nilirudisheje, na yeye hakunidai. Tukapanda kwenda kwao, mimi na upara wangu kando yake, watoto wakitufuata wakizomea. Sikuwahi kutembea barabara ndefu kama ile, wala sijajutia hatua yake hata moja.

Kisha vita ikaja, Mdachi akakusanya watu kubeba mizigo ya askari. Ndahani alichukuliwa, na Maganga pia, wamefungwa kamba moja. Ndahani hakurudi. Maganga alirudi, mifupa mitupu, na kabla ya kwenda kwao Unyamwezi alipita kwa yule mama. Akamwambia ni homa, njiani, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechimba, kama mtani. Mama aliingia ndani akatoka na kibuyu.

Basi nasaha yangu ni hii. Shangilia. Piga kelele mpaka sauti ikukauke, raha ya mnyonge ni chache, usinyimwe hiyo. Lakini mchezaji ukimbeba akiangusha, mbebe akiangushwa, maana ni mtu yuleyule na mama yuleyule. Aliyekushinda msalimie, hujui atakayemzika wako. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na shabiki ni mshindani vilevile. Kesho asubuhi nenda kwa mama wa golikipa na bati jipya. Upande juu ya paa uligongomee mwenyewe, mchana, watu wakikuona. Wakikuzomea, usishuke.

Mungu akupe mvua ya wakati wake. Akupe timu inayoshinda mara kwa mara, isije ikakuharibu kwa kushinda daima. Na siku utakapoanguka wewe, maana utaanguka, akukutanishe na mtu anayeshuka kukufuata, kibuyu mkononi.

Babu yako, Chiwanga.