Ufunguo wa Stoo ya Lukas

Kaka yangu Lukas alikuwa askari wa wanyamapori, na tangu astaafu alitaka kitu kimoja tu: leseni ya kuuza bunduki za kuwindia na risasi zake pale kwake Makambako. Nguruwe pori hawakomi kuvamia mashamba, na wenye bunduki halali walisafiri mbali kutafuta risasi. Silaha alizijua. Makaratasi yalimshinda, ndiyo maana alinifuata mimi, dada yake, ninakoishi Mjimwema.

Tulianzia kamati ya ulinzi ya kata, ambayo haikukaa mpaka mwenyekiti alipotoka msibani. Daktari akathibitisha kwamba Lukas ana akili timamu.

"Andika tarehe, daktari," Lukas alimwambia. "Haya mambo yakiisha utanikuta vingine."

Alama za vidole zikakataliwa. Vidole vimelika kwa jembe. Tukarudia. Ukabaki ukaguzi wa stoo: kuta za zege, dirisha hakuna, mlango wa chuma, na ufunguo asioushika mtu mwingine ila mwombaji. Lukas alikuwa ameijenga nyuma ya nyumba kwa kiinua mgongo chake.

Siku ile tulishinda ofisi ya polisi Njombe kuuliza ukaguzi ni lini. Tukaambiwa anayejua ametoka, turudi kesho. Tulipofika Makambako jioni tukakuta gari la polisi uani. Afande Judith na mwenzake walikuwa wamekaa barazani, mbele yao sahani ya viazi vya kuchemsha. Mama yetu, Eufrasia, alikuwa akiwamiminia chai.

"Kamwene, baba," alimsalimu Lukas kwa Kibena. "Wageni wako hawa. Nimewafungulia, wameona kila kitu."

Mlango wa chuma ulikuwa wazi. Ndani, magunia ya viazi yalipangwa mpaka juu. Mama alivuna shambani kwake Igwachanya, mvua ikamkuta na mzigo, na kwetu mtoto hakatai kuhifadhi mavuno ya mzazi. Chumba chenye giza na baridi vile, viazi vingepata wapi pazuri zaidi? Lukas alikuwa amempa ufunguo. Mimi hakuniambia.

"Viazi vinatoka, afande. Hata leo," nilisema.

"Viazi si tatizo, dada. Tena vitamu." Judith akafuta vidole. "Tatizo ni ufunguo. Leo ni viazi. Kesho zikiwa bunduki, bibi atawafungulia wageni kwa ukarimu huu huu."

"Kwani nimemwibia nani?" mama akauliza.

"Hujaiba, bibi. Umetupokea vizuri."

Akaeleza: kitasa kibadilishwe, stoo iwe tupu, Lukas aombe ukaguzi upya. Mpaka zamu yake ifike, cheti cha daktari kitakuwa kimepitwa na wakati, na itabidi turudi kwa kamati ya kata ile ile. Nilitaka kumbishia yule afande. Lakini alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Gari lilipoondoka, Lukas alinyoosha mkono. Mama akafungua pindo la khanga, akampa ufunguo. Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Lukas akayatazama magunia, akalitazama paa la jiko linalovuja.

"Nivihamishie wapi, mama?"

"Wewe ndiye mwenye nyumba."

Aliuvuta mlango wa chuma, akaufunga, akausukuma kuhakikisha. Kisha akamrudishia mama ufunguo.

"Vikiisha utaniambia," alisema.

Mama akaufunga pindoni.