Rangi za Bani la Baba Mdogo

Programu niliyomtengenezea baba mdogo ilikuwa na kazi moja: kupima joto ndani ya bani, kile kibanda cha matofali anachokaushia tumbaku kule Katumba, na kuandika mstari mmoja kila dakika kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa kwenye dirisha la nyumba yake. Mistari hiyo, ambayo sisi mafundi tunaiita logi, ilikuwa myeupe mitupu kwenye kioo cheusi, na macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Joto likipita kiasi majani huwaka. Mavuno yake yote ya mwaka yalikuwa mle ndani.

Nikaipaka logi rangi. Kijani, mambo shwari. Njano, joto linapanda, punguza kuni. Nyekundu, hatari. Nilijiona fundi kwelikweli. Nikafuta hata maneno, maana rangi inajieleza. Nani asiyejua nyekundu?

"Baba mdogo, sasa hata ukiwa shambani unaona," nilimwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, nami nikarudi zangu mjini, Majengo, bila kumuuliza ameelewa nini. Kiburi kile kinaniuma mpaka leo.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akanipigia. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ndiyo iliyonitia wasiwasi, kwa sababu baba mdogo si mtu wa kupiga simu bure.

"Mwanangu, hii mashine yako ni kiboko. Jana ilikaa kijani kutwa, nikasema majani bado mabichi, nikaongeza kuni. Leo ikaja njano, nikajua yameanza kuiva, nikaongeza tena. Saa hizi nyekundu tupu! Tumbaku imekubali."

Maisha yake yote amesoma rangi kwenye jani: kijani ni jani bichi lisilouzika, njano limeanza kukubali, wekundu ule wa kahawia ni jani lililokauka vizuri. Nilikulia kwenye tumbaku hiyohiyo, nikasahau.

"Toa kuni kwenye tanuri la nje! Toa moto wote sasa hivi!"

"Nitoe? Si imeiva?"

"Toa, baba mdogo! Na mlango wa bani usifungue, hewa itayawasha majani!"

Simu ikakatika. Nikapiga tena na tena, haipatikani. Nikachukua bodaboda, na njia nzima nilimgombeza dereva kwa ucheleweshaji ambao haukuwa wake.

Moshi niliuona kabla hatujafika. Paa la bani lilikuwa limeshaanguka ndani, na majirani walikuwa wameweka ndoo chini, wanatazama tu. Baba mdogo alisimama mbali kidogo, mikono imejaa masizi. Alikuwa mzima. Dirishani, kompyuta ilikuwa bado inaandika nyekundu, mstari juu ya mstari.

Nilianza kumweleza kwamba nyekundu yangu ilikuwa ya hatari. Yeye hakupandisha hata sauti.

"Sisi kinachotutisha ni kijani, mwanangu," alisema. "Ungeniuliza tu."