Nondo wa Mahindi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alifika kwetu mtaani Kilibula asubuhi moja akiwa nyuma ya pikipiki, amekumbatia gunia la mahindi. Mapigano yalikuwa yamekaribia kijiji chake cha Runingu, na katika vitu vyote vya nyumbani mwake alichagua mbegu. Kesho yake vita vikatufikia mjini. Tulisukuma kabati hadi kwenye dirisha, tukabaki wawili. Mume wangu alikuwa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, nao ulikuwa umefungwa.

Chumba kimoja tu hakikuangalia barabara. Humo tulilala, tukapika, tukaomba. Mimi ni mwalimu wa biolojia, nimezoea kupaza sauti mbele ya darasa; humo nilinong'ona kutwa nzima na mwanamke ambaye tangu niolewe hatukuwahi kukaa pamoja zaidi ya siku mbili. Mlango ulikuwa hatua nne kutoka kwenye mkeka wangu, na sikuweza kuufungua.

Siku ya tatu nondo walianza kutoka kwenye gunia. Walitua ukutani, kwenye chandarua, juu ya bugali. Nilihisi hata hewa wametunyang'anya.

"Mama, tulitoe uani gunia hili."

"Uani masasi inapita. Na ile ni mbegu yangu."

"Basi tuyachemshe tuyale yote, yaishe."

"Weye unakula mbegu?" Akanigeuzia mgongo, akashika rozari yake.

Nilikosa pa kwenda kujificha na aibu yangu. Nikachukua lupu, kile kioo cha kukuzia vitu vidogo, kwenye mkoba wa shule, nikamfunika nondo mmoja kwa glasi, nikakaa karibu na ufa wa mlango palipopenya mwanga. Nilitaka kujua ni yupi kati ya nondo wawili wanaoharibu nafaka ghalani. Yule wa unga ana mabawa ya rangi mbili, nusu ya nje nyekundu kama shaba, na kiwavi wake hutanda nyuzi juu ya chakula. Huyo ungemchekecha ukammaliza. Huyu wangu alikuwa na rangi moja, ya majani makavu ya mpunga, mrefu kama punje ya mchele. Mbele ya kichwa palichomoza vijipembe viwili vilivyopinda kwenda juu. Bawa la nyuma, la kijivu, lilikuwa na matamvua marefu, na ncha yake ilichongoka kama kidole kinachoonyesha njia. Basi alikuwa *Sitotroga cerealella*, wa familia ya Gelechiidae. Kiwavi wake huishi ndani ya punje, haonekani, mpaka atakapotoka akiwa nondo.

Nikamwita mama mkwe. Aliangalia kwa muda mrefu, jicho moja amelifumba.

"Kumbe iko na manyoya! Tangu nizaliwe ninamuua, sijawahi kumuona."

Nikamweleza kwamba yuko karibu kila nchi inayoweka nafaka ghalani, amesafirishwa ndani ya magunia hadi akaenea dunia nzima.

"Na ku mpaka hawamuombe jeton?"

Tulicheka tukiwa tumeziba midomo kwa viganja, maana bila kikaratasi hicho cha ruhusa hakuna mtu anayevuka, ndipo akaanza kulia. Nikamshika mkono. Alisema kwamba tangu ile siku ya kwanza alikuwa anaogopa kuniuliza kama mtoto wake angali hai.

"Alinipigia siku tulipojifungia, wewe ukisali, kabla mtandao haujakatika," nikamwambia. "Ni mzima. Nilidhani unajua."

Tukamwaga mahindi sakafuni. Nilimwonyesha punje zenye kidirisha cha mviringo, ngozi nyembamba ambayo kiwavi huiacha kwa ajili ya kutokea. Hizo tulizitenga, tukazichemsha. Zile nzima tulizichagua moja moja, siku baada ya siku, milio ya risasi ikikaribia na kurudi mbali. Tulizichanganya na jivu, tukazitia kwenye bido kavu, dumu la plastiki la maji, tukafunga kifuniko.

Siku ya kumi kulinyamaza. Hakuna mwenye pikipiki aliyekubali njia ya Runingu, kwa hiyo aliondoka kwa miguu, bido kichwani.

"Mama, ubaki."

"Udongo iko tayari. Miye siwezi kukalia mbegu hapa."

Mwanamke anayeuza sombe, majani ya muhogo, aliniletea salamu baadaye: mahindi yameota, ijapokuwa si yote. Shule yangu haijafunguliwa bado, wala mpaka. Mume wangu hupiga simu mtandao ukipatikana, nami husikiliza nikiwa kwenye chumba kilekile. Vyumba vingine vina vitanda na hewa nzuri, lakini sijaweza kulala humo.